Hata pikipiki ina goti, ulizeni Gerezani!

Msomaji wangu, wiki hii mapenzi yapumzike kidogo. Najua kuna wanaonunua gazeti kusoma nani kamwacha nani, na wengine mmezoea nikiwapigia stori za mitoko ya wikiendi. Leo nakupeleka chini, chini kabisa, uvunguni mwa pikipiki, mahali ambapo haupeleki shati jeupe hata kwa bahati mbaya.

Sababu ninayo. Siku ukiwa huna haraka, simama pale Kivukoni asubuhi pantoni inapowashusha watu wa Kigamboni, usikilize pikipiki zinavyopanda kutoka majini. Nyingi zinalia. Kuna inayolia krii-krii kama kitanda cha gesti bubu. Kuna inayolia ko-ko-ko kama mgeni anayebisha hodi na hafunguliwi. Mwenyewe yuko juu kavaa miwani, muziki unadunda, hana habari. Abiria wa nyuma ndiye anayesikia, tena anasikia kwa kiuno.

Kelele ile ina maana yake. Ukiijua itakuokolea kiuno na pesa. Sisi nyumbani ilitaka kutukosesha ada ya chuo.

Iko hivi. Pale kwetu Mjimwema tulikuwa na Honda XR250 Baja. Kwa msioijua, ni pikipiki ya porini, ndefu kama ngamia, na mbele ina taa mbili kubwa za mviringo kama macho ya chura. Jina lake ni la rasi ya Baja California kule Mexico, ambako tangu 1967 hufanyika mbio za jangwani za kuwachosha watu na vyuma. Mzee wetu hakuwa mtu wa mbio. Alikuwa mpima ardhi, na Baja ile ya mtumba kutoka Japan ndiyo ilimpeleka Mkuranga, Kibiti na Rufiji, kwenye mchanga, kwenye tope, na mahali ambapo gari ya ofisi iligeuka na kurudi.

Mzee alifariki 2021. Pikipiki ikabaki chini ya mwembe, imefunikwa turubai, miaka mitatu upepo wa chumvi unaipiga. Mdogo wetu wa kike alipopata nafasi chuo cha uuguzi, bi mkubwa akatuita sebuleni akasema neno moja: "Uzeni."

Nikaiamsha, nikavuka nayo pantoni, nikaenda Kariakoo kwa dalali mmoja. Jamaa hakuwasha hata injini. Akashika kitako cha pikipiki, akakivuta juu, akakiachia. Ko! Akavuta tena. Ko! Akatikisa kichwa kama daktari anayetaka kukuambia ukae chini kwanza.

"Braza, fremu imekatika ndani kwa ndani. Hiki kimeo. Hii inauzwa kwa kilo."

"Kwa kilo shilingi ngapi?"

"Nakupa laki tano, kwa sababu umekuja mwenyewe."

Laki tano! Kwa pikipiki iliyokula tope la Rufiji miaka yote ile! Nikampigia bi mkubwa, naye akanyamaza kidogo halafu akasema kwa sauti ya chini, "Chukua tu mwanangu. Baba yenu hayupo, nani atabishana nao?" Msomaji, sauti ile ndiyo iliyonifanya nisichukue. Nikamwambia jamaa nipe siku mbili, nikaisukuma mpaka Gerezani.

Kariakoo na Gerezani ni pua na mdomo. Kariakoo wanauza kipya, Gerezani wanafufua kilichokufa. Huko utamkuta anayechonga bushi, anayechomelea, anayepinda bomba, na anayekuuzia nati moja iliyokosekana Dar nzima. Kuna fundi mmoja mzee ambaye vijana wote wanamwita Babu. Mwembamba, miwani imefungwa kwa waya, na ovaroli lake limeloa mafuta kiasi kwamba akilivua nadhani linasimama lenyewe.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mgonjwa huyu umemtoa wapi?"

Nikamweleza habari ya fremu. Hakunijibu. Akaagiza makreti mawili ya soda, wakaiinua pikipiki na kuyaingiza chini ya injini, gurudumu la nyuma likaning'inia hewani. Akapitisha kitambaa chenye petroli kwenye maungio yote ya fremu, akachungulia na tochi. Halafu akaninong'oneza kama anayetoa siri ya ndoa: "Fremu ikikatika rangi inapasuka, na kutu inachora mstari. Unauona mstari? Hakuna." Kisha akashika gurudumu kwa chini, akalinyanyua taratibu. Likapanda kidogo, ko, ndipo springi ikaanza kubanwa. "Umeona? Gurudumu limetembea kabla shokapu haijajua. Katikati hapo pana mtu kalala kazini. Goti limekwisha."

Goti! Ndiyo, msomaji wangu, pikipiki ya porini ina goti.

Hebu mwangalie mama anayeshuka ngazi na ndoo ya maji kichwani. Maji hayamwagiki, na siri haiko kwenye shingo. Ni magoti yanakunja na kukunjua, yanameza ngazi moja moja. Boxer na TVS za bodaboda zina shokapu mbili, moja kila upande, zimefungwa moja kwa moja toka juu mpaka chini. Baja na ndugu zake zina shokapu moja tu, imesimama katikati ya mwili, na haikushikana na gurudumu moja kwa moja. Ile mikono ya chuma inayolishika gurudumu la nyuma mafundi wanaiita swingamu. Kati ya swingamu na shokapu kuna kipande kama pembetatu chenye matundu matatu. Tundu la kwanza limeshika swingamu, la pili limeshika shokapu, na la tatu limeshika mkono mfupi unaokwenda kwenye fremu. Pembetatu na mkono ule ndiyo linki. Kwenye aina nyingine mkono huo ni vyuma viwili bapa, na Wazungu huviita mifupa ya mbwa kwa vile vilivyokaa.

Kazi yake ni ya ajabu kidogo. Gurudumu likigonga kokoto, pembetatu inazunguka kidogo na shokapu inabanwa kidogo, unasikia laini kama godoro. Likiangukia shimo kubwa, pembetatu inazidi kuzunguka, na kila sentimita ya gurudumu inaibana shokapu zaidi ya sentimita iliyotangulia. Kwa hiyo mwanzo ni laini, mwisho ni ngumu, na mgongo wako unapona mara mbili.

Na jambo lenyewe si la juzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mhandisi wa Ubelgiji, Lucien Tilkens, alibuni mtindo wa shokapu moja, Yamaha wakauchukua, na 1973 Håkan Andersson wa Sweden akabeba nao ubingwa wa dunia wa motokrosi wa 250cc. Linki zikafuata. Kawasaki walitoka na Uni-Trak, Suzuki na Full Floater, na 1981 Honda wakaweka Pro-Link kwenye pikipiki zao za mashindano. Hiyo hiyo Pro-Link ndiyo iliyokuwa imelala chini ya Baja ya mzee, inagonga hodi.

Tukaanza kufungua. Gurudumu likatoka, bolti ya chini ya shokapu ikatoka, mbili za linki zikatoka, ya mwisho ikagoma. Kutu ilikuwa imeishikanisha bolti na bushi kama mke na mume wa ndoa ya Kikristo. Kijana mmoja akaja mbio na gesi ya kuchomelea. Babu akamfukuza kwa spana! Ndani ya shokapu za aina hii kuna gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa. Ukiipiga moto unatengeneza bomu, na Gerezani nzima inahamia Muhimbili. Babu akamimina mafuta ya kulegeza kutu, akafunika na kitambaa, akasema turudi kesho.

Wakati ananifungulia kifuniko cha plastiki cha ubavuni ili tuone vizuri, kikageuka mkononi mwangu. Upande wa ndani kulikuwa na mwandiko. Mwandiko wa mzee, ule wa herufi kubwa zilizonyooka kama ramani:

GRISI. MACHI 2014. OKT 2014. MACHI 2015. OKT 2015...

Mstari chini ya mstari, mwaka kwa mwaka, mpaka OKT 2019. Baada ya hapo kitupu. Mwaka 2020 ndio aliuanza na hospitali.

Babu akakiangalia muda mrefu. "Huyu mzee wako alikuwa fundi?"

"Mpima ardhi."

"Basi alikuwa anapima mpaka grisi."

Tukacheka, lakini mimi ilibidi niende kununua maji.

Kesho yake bolti ilitoka kwa nyundo ya shaba na sala kidogo. Sasa hapa ndipo patamu, na wewe mwenye pikipiki ya aina hii kaa vizuri, nakupa darasa bure.

Kwanza, kila kinachotoka kinalazwa juu ya boksi la kadibodi kwa mpangilio wake, na bolti unaiandikia imetoka upande gani. Simu unayo, piga picha. Watu wanapiga picha wali kuku, watashindwaje kupiga linki?

Pili, ukichomoa bushi, yaani ile pipa ndogo ya chuma inayopita katikati ya beringi, chomoa taratibu na chini utege sinia. Beringi za linki ni za sindano, vichuma vyembamba vimepangwa duara. Nyingine zina kikapu cha kuzishika, nyingine hazina, ukivuta kwa pupa zinamwagika kama mchele. Zetu zilimwagika kwenye sinia, zimekuwa nyekundu kwa kutu, mbili zimekatika. Grisi ilishageuka udongo. Huyo ndiye aliyekuwa anabisha hodi, wala fremu haikuhusika.

Tatu, osha kwa mafuta ya taa na brashi, futa, kausha. Pitisha ukucha juu ya bushi. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, bushi imekufa, usiifanyie huruma. Angalia na matundu ya pembetatu kama yamekuwa ya yai badala ya duara. Yakishakuwa yai, beringi mpya haitakaa. Angalia na bolti: ikiwa imeliwa kiunoni, badili. Bolti ya linki ikikatika mwendoni, nyuma kunalala ghafla kama ng'ombe aliyepigwa shoka, na wewe uko juu yake.

Nne, nenda Kariakoo na beringi ya zamani mkononi. Usiende na maneno. "Naomba beringi ya pikipiki kubwa" utauziwa hata ya cherehani. Pembeni ya beringi kuna namba. Kama imefutika, muuzaji mwenye akili atapima vitatu, upana wa ndani, upana wa nje na kimo. Nilizunguka maduka manne. La kwanza walinipa iliyopungua kimo. La pili waliniambia zote sawa tu, nikala kona. La nne kijana akatoa kipimo chake, akapima, akapanda ngazi, akashuka nazo kwenye karatasi ya mafuta. Sili za mpira nikanunua hapohapo, maana kuweka beringi mpya na sili ya zamani ni sawa na kuoga na kuvaa nguo ile ile.

Tano, grisi. Hapa sisi watu wa pwani tuna bahati mbaya na bahati nzuri. Bahati mbaya ni chumvi. Pantoni inarusha maji, upepo unaleta chumvi, mchanga wa Kigamboni unaingia kila mahali, na vyote vinakutana kwenye linki kwa sababu ndiyo iko chini kabisa. Bahati nzuri ni kwamba wauza vifaa vya boti wanayo grisi isiyoogopa maji ya bahari. Hiyo ndiyo yenyewe. Usiichanganye na ya zamani. Futa yote kwanza, kwa sababu grisi za aina tofauti zikichanganyika zinaweza kukataana na kuwa uji.

Sita, kuingiza beringi. Kijana wa gesi alitaka kuipiga nyundo. Babu akanituma Feri, soko la samaki, nikanunue barafu ya elfu moja! Nikadhani ana kiu. Akaifunga beringi kwenye mfuko wa nailoni, mara mbili ili maji yasiingie, akaizika kwenye barafu. Kisha akamwomba mama lishe wa jirani maji yanayochemka, akaitumbukiza pembetatu, akaitoa, akaikausha haraka. Chuma kikipoa kinasinyaa, kikipata moto kinatanuka. Beringi imesinyaa, tundu limetanuka, akaziweka kwenye vaisi na soketi yenye ukubwa wa beringi, akakaza taratibu. Ikaingia kama ufunguo. Upande wenye maandishi ndio uliokaa nje, ndio unaosukumwa. Na haikuingia zaidi ya ilivyokuwa ya zamani, maana sili nayo inataka kikao chake.

Saba, kufunga. Grisi inajazwa kati ya sindano mpaka inatokeza, nyingine kidogo kwenye bushi, kidogo kwenye midomo ya sili. Bolti inapakwa mwilini, siyo kwenye meno. Meno yakiwa na grisi, spana inakudanganya. Bolti zote zinaingizwa kwanza kwa mkono bila kukazwa. Ikigoma, inua au shusha gurudumu kidogo matundu yaonane, usiisindikize kwa nyundo. Zikishaingia zote, ndipo unakaza kwa toki renchi, spana yenye kipimo. Babu anayo moja, anaifunga kwenye kanga kama kichanga, na akiitoa vijana wote wanasogea kuangalia. Namba ya kukazia iko kwenye kitabu cha pikipiki yako, kila bolti na namba yake. Ikilegea, bushi inazunguka juu ya bolti na kuila. Ikizidi, unaivuta bolti mpaka inachoka kabla ya safari. Nati zenye plastiki ndani zikishatumika, weka mpya.

Neno kwa wenye bodaboda. Kwenye shokapu zenu kuna bushi za mpira. Hizo kaza bolti zake pikipiki ikiwa imesimama chini kwa uzito wake. Ukizikaza gurudumu likining'inia, mpira unabaki umejinyonga kila siku na unachanika mapema.

Tulipomaliza, Babu akakanyaga breki ya nyuma mara kadhaa mpaka ikawa ngumu, kwa sababu gurudumu lilitoka na breki ya diski ikirudishwa huwa hewani kwanza. Wengi wamegonga kuta hapo. Akapima cheni nikiwa nimekaa juu. Halafu akachukua futi ya fundi seremala. Akapima kutoka ekseli mpaka alama aliyoweka juu ya madigadi, kwanza gurudumu likiwa hewani, kisha nikiwa nimekaa. Kwa pikipiki za porini, tofauti hiyo inatakiwa iwe kama theluthi ya safari nzima ya gurudumu; yenye safari ya sentimita 30 ikae kama sentimita 10. Ikizidi, kaza springi. Ikipungua, legeza.

Akashika gurudumu, akalinyanyua. Kimya. Springi ikajibu palepale. Akanyanyua tena. Kimya. Kuna kimya kitamu kuliko muziki, nakuhakikishia.

Gharama zote, na barafu ndani yake, hazikufika laki mbili. Nikapita nayo makusudi mbele ya yule dalali, tena taratibu. Akanisimamisha, akakivuta kile kitako. Kikapanda na kushuka kama kifua cha mtoto aliyelala.

"Aisee! Umebadilisha fremu?"

"Nimebadilisha beringi."

Akasema atafikiria milioni moja. Nikamwambia afikirie vizuri.

Wiki ile ile akaja mwalimu mmoja anayefundisha huko ndani, upande wa Kimbiji. Nilimwonyesha kila kitu, beringi za zamani kwenye mfuko, picha za simu, na mwandiko wa mzee. Chini ya OKT 2019 nilikuwa nimeongeza tarehe yangu, kwa herufi zisizonyooka kama zake. Mwalimu akasoma orodha yote kwa kidole. Hakuuliza bei mara mbili. Akatoa milioni mbili na laki mbili, na bi mkubwa alipozihesabu alizigawa palepale: hizi za chuo, hizi za sare, hizi za godoro. Kisha akamwomba mwalimu jambo moja tu, asikitupe kile kifuniko. Mwalimu akaahidi ataendelea kuandika.

Naomba nikukumbushe jambo la mtaa wetu. Kariakoo imepata jina kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ni watu wetu waliobebeshwa risasi, chakula na majeruhi, na maelfu kwa maelfu hawakurudi. Pale katikati ya mji, Samora, kuna sanamu ya Askari iliyosimamishwa 1927. Kila mgeni anapiga nayo picha. Anayeonekana ni askari na bunduki yake. Mpagazi hana sanamu pale, ameachiwa jina la soko. Basi linki nayo ni mpagazi. Injini inasifiwa, tangi linapigwa polishi, taa zinabandikwa stika, na anayebeba uzito wote yuko chini kwenye tope, hana anayemwita mpaka siku atakapoanguka.

Kwa hiyo weka tarehe, kama mzee wetu. Grisi kabla ya masika, mwezi wa tatu, na tena kabla ya vuli, mwezi wa kumi. Ukivuka pantoni kila siku, ongeza ya katikati. Baada ya safari ya mchanga au maji ya chumvi, suuza kwa maji baridi ya bomba, na ukienda kuosha kwa mashine mwambie kijana asielekeze lile bomba la presha kwenye sili, maana linasukuma maji ndani na grisi nje. Kama linki yako ina tundu la kupigia grisi, piga mpaka ya zamani itoke. Kama haina, na nyingi hazina, hakuna njia ya mkato, ni kufungua. Kila Jumamosi weka kreti chini, nyanyua gurudumu, sikiliza. Ni dakika mbili. Na yeyote akikwambia fremu imekatika, mwombe akuonyeshe mstari.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mapenzi. Huko nako, wapenzi wasomaji, kuna magoti mengi yanalilia grisi.